Kabla ya Kuchomeka Flashi, Tukumbuke Amana ya Wateja

Sisi ni mafundi cherehani wa Lushoto. Tunashona sare za shule, madera, magauni ya harusi na suti za vitenge, na baadhi yetu tuna mashine za kudarizi zinazoendeshwa kwa kompyuta. Kazi zetu ni zile zile mnazozifanya nyie huko Unguja na Pemba, ila huku tunashona tukiwa tumevaa sweta.

Leo hatuongelei mitindo. Tunaongelea mafaili: filamu, nyimbo, programu za kompyuta na mishono ya kudarizi ambayo watu huchukua bure kwenye mitandao ya kushirikishana, kisha yakazunguka kwa flashi na kwa simu mpaka yakafika mezani kwetu. Ndani ya hayo mafaili mara nyingi kuna virusi na programu hasidi. Wengi tunalijua hilo juu juu, tunacheka, tunasema "kompyuta imepata mafua", tunamwita kijana wa duka la simu, maisha yanaendelea.

Sisi tunaona jambo hili halistahili kuchekwa. Na msimamo wetu tunausema mapema ili msomaji ajue tunakokwenda: mwanamke anayefanya biashara na kushika taarifa za watu hana haki ya kubahatisha kwa faili asilojua limetoka wapi. Akibahatisha kwa cha kwake, shauri yake. Cha mteja ni amana.

Faili linavyopanda mlima

Kabichi, karoti na viazi vyetu hushuka kwenda Dar es Salaam kwa kupitia Soni na Mombo. Mafaili nayo hupanda kwa barabara hiyo hiyo. Kijana mwenye intaneti ya kasi huko mjini anachukua filamu au programu kwenye torenti. Anaijaza kwenye hadi diski. Mwenye kibanda cha kuweka muvi ananakili kwake, naye anawawekea wateja kwenye flashi na memori kadi. Mwanafunzi anarudi likizo Mlalo au Mtae akiwa na flashi mfukoni, anawapa ndugu zake. Ndugu wanarushiana simu kwa simu kwa programu kama Xender, bila hata kutumia bando.

Kwa hiyo ukimuuliza mama wa Lukozi kama anatumia torenti, atakuapia kwamba hajui hata hilo neno. Na anasema kweli. Lakini filamu aliyoangalia jana usiku imetoka huko huko. Ndiyo maana hatukubaliani na wanaosema jambo hili ni la vijana wa mjini. Mtu anaweza asijue kisima kilipo na bado akanywa maji yake kila siku.

Tena hii njia haikuanzishwa na uzembe. Imeanzishwa na hali. Bando ni ghali kwa anayepata mkono kwa mkono, na vijiji vingine huku mtandao unashika mpaka upande kwenye tuta. Kunakili kwa mwenzako ni akili ya mtu asiye na kingi. Hatuwatukani watu kwa hilo. Tunachosema ni kwamba njia yenye mikono mingi hivyo haina mtu hata mmoja anayekagua mzigo.

Torenti ni nini hasa

Tulieleze kidogo, maana mtu hujikinga vizuri na kitu anachokielewa.

Zamani ukitaka faili kwenye intaneti ulilifuata kwenye kompyuta moja kubwa, kama unavyokwenda duka la jumla. Mwaka 1999 ikatokea Napster, ikawaunganisha watu wa kawaida wachukuliane nyimbo wao kwa wao. Zikafuata nyingine kama LimeWire, na mwaka 2001 Mmarekani Bram Cohen akatoa BitTorrent, ambayo ndiyo mama wa torenti zote tunazozisikia leo.

Inavyofanya kazi ni hivi. Faili hukatwa vipande vidogo vidogo. Wewe unayelichukua unapokea kipande hiki kwa mtu wa India, kile kwa mtu wa Brazil, na papo hapo kompyuta yako inawagawia wengine vipande ulivyokwisha kupata. Wote mlio kwenye faili lile mnaonana kwa namba za mtandao wenu. Na bando lako linakatwa mara mbili, kwa unachopokea na kwa unachogawa, hata baada ya faili kukamilika kama hukuifunga programu.

Hapa kuna jambo ambalo vijana wengi hawalielewi. Kila kipande kina alama yake, na programu huikagua ili kuhakikisha hakijabadilishwa njiani. Kijana atakwambia, "Ni salama, imejihakiki yenyewe." Hapana. Ukaguzi huo unathibitisha tu kwamba mzigo ni ule ule aliouweka mtu wa kwanza. Hausemi chochote kuhusu huyo mtu wa kwanza. Kama aliweka sumu, unapokea sumu nzima, haijapungua hata chembe.

Na tuseme haki: torenti yenyewe si haramu wala si mbaya. Watengenezaji wa Ubuntu na wa LibreOffice, programu halali na za bure kabisa, hutoa viungo vya torenti kwenye tovuti zao wenyewe ili watu wapakue kwa urahisi. Kisu cha jikoni kinakata kitunguu na kinakata kidole. Swali ni nani ameweka faili, na una njia gani ya kumjua.

Kilichofungwa ndani

Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, walipima mafaili yaliyokuwa yakitolewa na LimeWire. Wakaangalia yale ya aina ya programu na yale yaliyofungashwa pamoja kwa kubanwa. Asilimia 68 ya majibu ya aina hiyo yalikuwa na programu hasidi. Yaani unaomba mizigo mitatu, miwili ina ugonjwa. LimeWire ilizimwa kwa amri ya mahakama mwaka 2010, lakini ujanja ule haukuzimwa nayo.

Ujanja wa kwanza ni wa jina. Faili linaitwa harusi.mp4, unaona ni video. Kumbe jina lake kamili ni harusi.mp4.exe, ila Windows kwa kawaida huficha ule mwisho. Mwisho wa exe maana yake ni programu, na ukiibofya unakuwa umeiruhusu kufanya kazi.

Ujanja wa pili ni wa nywila. Faili limebanwa na kufungwa kwa nywila, na nywila imeandikwa pembeni. Sababu yake kubwa ni kwamba antivirusi haiwezi kuchungulia ndani mpaka wewe mwenyewe ufungue.

Wa tatu ndio unaotuuma sisi mafundi. Ni programu za kulipia zilizovunjwa kufuli, vijana wanaziita "kraki". Programu ya kuchora mishono ya kudarizi ya kununua ni ghali sana kwa fundi wa kijijini, hivyo anatafutiwa iliyovunjwa. Inakuja na karatasi ya maelekezo, na mstari wa kwanza unasema: zima antivirusi kwanza. Fikirini hapo, dada zetu. Mgeni anabisha hodi usiku, sharti lake la kwanza ni umfunge mbwa na uzime taa ya nje. Nasi tunatii.

Kuna ugonjwa mmoja unaoitwa STOP, au Djvu, uliowasumbua watu wa kawaida duniani kote, na njia yake kubwa ilikuwa hizi kraki. Ukiingia, unafunga picha, barua na mafaili yako yote kwa kufuli la siri. Kila faili linaongezewa mwisho usioujua, na kwenye kila folda inabaki barua iitwayo _readme.txt. Barua inadai dola 980, na inakupa "punguzo" la dola 490 ukilipa ndani ya saa 72. Hiyo nusu peke yake ni zaidi ya shilingi milioni moja. Hesabu ni sare ngapi za shule hizo. Na mara nyingine ugonjwa huo ulikuja na mwenzake, mwizi wa nywila, aliyechota kila neno la siri lililohifadhiwa kwenye kompyuta kabla ya kufunga.

Hata programu yenyewe ya kuchukulia torenti imewahi kuambukizwa. Machi 2016 faili la kusakinisha Transmission, programu inayojulikana na kuaminika, lilibadilishwa kwenye tovuti yake halisi likawekwa ugonjwa wa kufunga mafaili ya kompyuta za Mac. Likaondolewa haraka, lakini waliopakua mapema walipata shida yao.

Kwenye simu nako hali si nzuri. Wengi wetu tuna WhatsApp zilizoongezwa vikorombwezo, zile za kuficha kuwa umesoma ujumbe, ambazo hazipo kwenye duka la Google. Tunarushiana wenyewe kwa wenyewe. Agosti 2021 kampuni ya Kaspersky ilieleza kwamba ndani ya toleo moja la FMWhatsApp alikutwa mdudu aitwaye Triada. Oktoba 2022 ikaeleza tena kuhusu YoWhatsApp: toleo moja lilikuwa linaiba funguo za akaunti ya mtumiaji, na lilikuwa likitangazwa ndani ya Snaptube na Vidmate. Ni dada gani asiyejua Snaptube na Vidmate? Ndizo tunazopakulia mishono ya video.

Na flashi? Mwaka 2023 wataalamu wa kampuni ya Mandiant walieleza kuhusu wadukuzi waliosambaza ugonjwa wao kwa flashi tu, na miongoni mwa nchi walikoukuta ugonjwa huo zilikuwemo Tanzania na Kenya. Kompyuta za umma, kama za intaneti kafe na za maduka ya kuprinti, zilitajwa kuwa sehemu flashi zinapoambukizwa. Sisi hapo tulishtuka, kwa sababu steshenari ndiko tunakokwenda kila wiki kuprinti risiti na kadi za harusi. Flashi moja inaingia kwenye kompyuta ambayo siku hiyo imeshapokea flashi za mji mzima.

Kilichomo kwenye simu ya fundi

Hapa ndipo tunapoomba mtusikilize zaidi.

Mtu akituambia "virusi", wengi tunawaza hasara ya kompyuta: itakuwa nzito, itafomatiwa, basi. Lakini hebu tufungue simu ya fundi wa kawaida tuone kuna nini ndani.

Kuna namba za simu za wateja mia mbili na majina yao. Kuna vipimo vyao: kifua, kiuno, nyonga. Mwanamke anakupa vipimo ambavyo hata shoga yake hajui. Kuna picha. Bi harusi anajaribu gauni nyumbani, nywele wazi, mabega wazi, anajipiga picha anakutumia akisema, "Dada, hapa kwapani panabana, angalia." Ni mwanamke anayejisitiri barabarani kuanzia kichwani hadi miguuni, na picha hiyo ameituma kwako peke yako kwa sababu wewe ni mwanamke mwenzake na ni fundi wake.

Kuna pesa. Malipo ya awali ya wateja yako kwenye akaunti ya simu. Baadhi yetu ni waweka hazina wa vikoba, kwa hiyo pesa za wanawake ishirini zinapita kwenye simu moja. Ujumbe wenye namba za siri za mara moja unaingia kwenye simu hiyo hiyo. Programu hasidi iliyopewa ruhusa ya kusoma ujumbe inausoma kabla yako.

Sasa niambieni, mama anapoweka kwenye simu hiyo programu aliyorushiwa na mtoto wa jirani, anabahatisha na nini? Si cha kwake tu. Anabahatisha na kiuno cha mke wa mtu, na picha ya binti wa mtu, na akiba ya kikundi kizima. Wao hawakuulizwa.

Dini zetu zote, za msikitini na za kanisani, zimetufundisha kuhusu amana. Mtu akikuachia kuku umtunzie, huruhusiwi kumwacha nje usiku kwa sababu eti kuku wako nao wako nje. Kitu cha amana kinatunzwa kuliko chako. Hatuoni kwa nini picha na namba ya siri viwe na hukumu nyepesi kuliko kuku. Hata sheria ya nchi imelifikia jambo hili: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na msingi wake ni kwamba taarifa za mtu ni za mtu, na anayezikusanya ana wajibu wa kuzilinda.

Mwaka mmoja mwenzetu anayedarizi nembo za mashuleni alipata ugonjwa huu wa kufunga mafaili mwezi wa Januari, wiki ambayo shule zinafunguliwa. Chanzo ni programu ya kraki aliyowekewa na fundi kompyuta. Nembo zote alizochora kwa miaka zilifungwa. Wazazi walikwisha kulipa. Tuligawana kazi yake, tukadarizi usiku kwa zamu, na watoto wengine bado walianza shule na mashati yasiyo na nembo. Yule aliyemwekea programu hakupoteza kitu. Waliopoteza ni fundi, wazazi na watoto.

"Lakini hatuna pesa"

Tunajua jibu la wengi, kwa sababu ni letu pia: programu ya kununua hatuiwezi, filamu ya kulipia hatuiwezi, bando hatuliwezi. Tufanyeje?

Kwanza tuseme ukweli mchungu. Sisi mafundi hulalamika sana mtu akipiga picha gauni letu, akalipeleka kwa mwingine akashonewa lile lile kwa bei ya chini. Tunasema ametuibia ubunifu. Kisha jioni tunakaa kuangalia filamu ya Kitanzania iliyonakiliwa bila mwenyewe kupata hata shilingi. Waswahili walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Na walisema pia, mla cha mwenziwe na chake huliwa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 nayo inahesabu uvunjaji wa haki za ubunifu kuwa kosa. Lakini hata kama hakuna askari anayekuja Lushoto kukagua flashi, dhamiri zetu zipo hapa hapa.

Pili, mara nyingi cha halali na cha bure kipo, ila hatujaambiwa. Kwa kudarizi, ipo Ink/Stitch, inayofanya kazi pamoja na programu ya kuchorea iitwayo Inkscape. Zote mbili ni bure, halali, na zinatoa mafaili ya DST na PES ambayo mashine zetu zinayasoma. Si rahisi kama ya kununua, na kujifunza kunataka uvumilivu. Lakini sisi tulijifunza kutia mfuko wa koti, hili litatushinda? Kwa barua, ankara na hesabu ipo LibreOffice. Kwa kuangalia video ipo VLC. Zote zichukuliwe kwenye tovuti za watengenezaji wenyewe, si kwenye flashi ya mtu.

Tatu, tunachoshindwa peke yetu tunakiweza kwa kikundi. Tunachangiana kununua vyombo vya harusi na turubai la misiba. Mafundi watano wakichangia bando moja la kupakua programu halali, na mmoja akatunza nakala safi kwenye flashi isiyoguswa kwa kazi nyingine, wote watano wamepona.

Tufanye haya

Hatutaki kumwacha msomaji na woga mtupu. Haya yanawezekana hata kwa mwenye kipato kidogo.

Tenganisha simu ya kazi na simu ya starehe. Ile ya zamani iliyopasuka kioo iwe ya filamu na michezo ya watoto, bila laini ya pesa. Ya kazi isiwekewe programu yoyote isiyotoka kwenye duka rasmi.

Washa sehemu ya kompyuta inayoonyesha mwisho wa majina ya mafaili. Ukiomba filamu ukaletewa exe, scr, bat au lnk, usifungue. Ukiomba picha kwenye simu ukaletewa apk, hiyo ni programu, futa.

Jua tofauti ya kitu na programu. Faili la DST ni maagizo ya sindano tu: nenda kulia, shuka, kata uzi. Picha na wimbo nazo ni vitu. Hatari yake ni ndogo. Faili linalotaka kusakinishwa ndilo la kuogopa, hasa likija limefungashwa pamoja na "zawadi" za mishono elfu kumi.

Usizime antivirusi kwa amri ya faili. Windows 10 na 11 zina kinga yake ya bure ndani, Defender. Iache iwake na uiruhusu ijisasishe kila unapopata mtandao.

Ukiwa na shaka na programu, ipo tovuti ya VirusTotal inayolikagua faili kwa antivirusi nyingi kwa mpigo. Lakini usipandishe humo picha wala orodha za wateja, maana kinachopandishwa huweza kuonwa na wakaguzi wengine.

Flashi ya steshenari iwe moja, na iwe haina kitu kingine isipokuwa kile unachokwenda kuprinti siku hiyo. Ukirudi, iskani kabla ya kuifungua. Ukiona mafolda yamegeuka kuwa shotkati, usibofye hata moja.

Tunza nakala ya kazi zako kwenye hadi diski au flashi nyingine, kisha ichomoe uiweke kabatini. Nakala inayobaki imechomekwa itafungwa pamoja na nyingine.

Picha za wateja zifute kazi ikikabidhiwa. Mwizi hawezi kuiba kisichokuwepo. Hili halina gharama hata ya senti tano, na ni sisi wenyewe tu tunaolikawiza.

Kwenye simu, ukiona programu ya kuangalia muvi inaomba ruhusa ya kusoma ujumbe au ya kuongoza simu yako, jiulize muvi inahitaji ujumbe wako kwa kazi gani.

Likishatokea

Chomoa intaneti na flashi zote mara moja. Usikimbilie kulipa, kwa sababu unayemlipa ni mwizi na hana ahadi. Usifute mafaili yaliyofungwa. Upo mradi wa No More Ransom, ulioanzishwa Julai 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni za usalama wa kompyuta, unaotoa funguo za bure kwa baadhi ya magonjwa haya. Kwa huo wa STOP, mwezi Oktoba 2019 kampuni ya Emsisoft ilitoa ufunguo wa bure uliofaa kwa matoleo 148 ya wakati huo. Matoleo mengi yaliyokuja baadaye hayafunguki, lakini aliyetunza mafaili yake anaweza kusubiri na tumaini. Aliyefuta hana cha kusubiri.

Badilisha nywila zako kwa kutumia kifaa kingine kilicho salama. Piga simu kwa mtandao wako wa simu kuhusu akaunti ya pesa. Piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ujumbe wa utapeli unaokuja baadaye upeleke 15040.

Kisha lifanye lile gumu kuliko yote: waambie wateja. Waambie ni taarifa gani huenda zimetoka, ili wasitapeliwe na mtu anayejifanya wewe na kuomba "malizia malipo kwa namba hii mpya". Utaona aibu. Lakini mteja aliyeambiwa ukweli mapema anaweza kujikinga, na atakuheshimu kuliko aliyesikia kwa jirani.

Dada zetu, sisi wa milimani na nyie wa visiwani tunaishi kwa jina jema. Hakuna mteja anayetukagua vyeti. Anakuja kwa sababu fulani amemwambia, "Nenda kwa yule, ni mwaminifu." Uaminifu huo zamani ulikuwa kutomwibia mteja kipande cha kitambaa. Siku hizi umeongezeka, na unajumuisha vipimo vyake, picha yake na shilingi yake iliyomo kwenye simu yetu. Kijana akija na flashi akisema, "Mama, nina kitu kizuri cha bure," tumshukuru, tumpe chai, na flashi yake abaki nayo mfukoni.